Mzunguko Kando ya Jino

Noelene Pybus hakumwamini mtu aliyenunua baiskeli ya mlimani kabla hajanunua viatu vya matope. Hakuamini siti inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Hakuamini gia za kuchajiwa kama simu, na fremu za kaboni alizigonga kwa kucha huku ametega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji, halafu akaguna: "Mh! Siku ikipasuka hii, utaokota meno." Katika mambo yote ya kisasa alikubali moja tu, matairi yasiyo na tyubu, yale yanayotiwa maji mazito meupe ndani ili yajizibe yenyewe yakitoboka, na hayo nayo aliyakubali baada ya kuyanunia miaka sita.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, mfupi, mabega mapana, na jicho la kukukagua kuanzia kidole cha mguu. Alhamisi hadi Jumapili aliendesha basi dogo linalopandisha watu na baiskeli zao kileleni mwa Mlima Harrow, hapa kwetu Wexcombe, kaskazini mashariki mwa Tasmania, ambako babu zetu walichimba bati na sisi tunachimba vijia vya baiskeli. Trela la nyuma lilibeba baiskeli ishirini. Zote alizipandisha kwa mikono yake mwenyewe, maana hakuamini fundo la mtu mwingine, na kila aliyoipandisha aliikagua, tairi kwanza.

"Nguo inadanganya, breki inadanganya, mdomo ndio usiseme," aliwaambia wageni. "Tairi halijui uongo. Hili lako limelika katikati, pembeni bado jipya. Wewe kona huziwezi, baba. Unazipita umesimama wima kama nguzo."

Na kweli jamaa hakuziweza. Watu walicheka, wengine walivimba, lakini hakuna aliyebisha, kwa sababu Noelene akiona alama kwenye tope alikwambia ni tairi la nani na limepita lini. Hapa kwetu mtu akiibiwa baiskeli humpigia simu Noelene kwanza, polisi baadaye.

Maoni yake juu ya njia yalikuwa makali zaidi. Vijia vipya vya mbele ya mlima, vilivyochongwa kwa mashine ya klabu yetu ya baiskeli, aliviita korido za hoteli. "Mizizi wameng'oa, mawe wametoa, kona wamezipiga pasi. Kesho watatandika zulia!" Njia aliyoihesabu kuwa njia ilikuwa moja, nayo haikuwamo kwenye ramani. Ilishuka nyuma ya mlima katikati ya mikalitusi na mikangaga mirefu kuliko mtu, na walioichimba ni yeye na mumewe Rex, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa sururu mbili na majira mawili ya baridi, ruba wakiwanyonya vifundoni. Katikati yake palikaa bamba la jiwe, refu kama mtu na nusu, lililoinama kama paa. Hapo hapana ujanja. Unaachia breki ya mbele, unarudisha makalio nyuma ya siti, unateremka moja kwa moja. La sivyo unashuka kwenye baiskeli na kujiaibisha. Rex ndiye aliyelibatiza Jino.

Mgeni yeyote akiuliza kama pana kijia cha kulikwepa, Noelene alikuwa na jibu moja, na alilitoa kwa sauti ili watu wote pale dukani kwa mwokaji walisikie: "Anayezunguka Jino akae nyumbani afuge kuku!"

Na Jino ndilo lililomng'ata Rex. Miaka minne iliyopita, asubuhi ya umande, gurudumu la mbele liliteleza, nyonga ikavunjika, akatiwa vyuma. Alipotoka hospitali baiskeli yake ilitundikwa kwenye ndoano bandani na kufunikwa shuka kuukuu. Yeye akawa mtu wa kuoka mkate, kulisha kuku na kusikiliza kriketi redioni. Habari ya baiskeli haikutajwa tena mezani. Noelene aliendelea kuishuka njia ya nyuma kila Jumatatu, peke yake. Shuka lile alilifunua mara moja tu, majira ya baridi ya kwanza, na baada ya hapo akiingia bandani alitazama upande mwingine.

Basi mwaka huu klabu ikaamua njia zote ziingie kwenye ramani, pamoja na ile ya nyuma. Mkaguzi wa njia, Wendy Tulloch, mwanamke mpole mwenye kalamu sikioni, alipanga kuja Jumamosi ya mwisho ya Agosti kuipa rangi: kijani kwa wanaojifunza, buluu kwa wa katikati, nyeusi kwa wenye roho ngumu. Sharti la klabu lilikuwa fupi. Njia nyeusi haiguswi na mashine. Lakini njia yenye mzunguko, yaani kijia cha kukwepa pale pagumu pake, haiwi nyeusi. Inakuwa buluu, na njia ya buluu lazima ilainishwe. Ikiandikwa buluu, Jino lingevunjwa kwa nyundo kabla ya Krismasi, na Noelene alijua hilo kama anavyojua jina lake.

Sasa fikiria alivyojisikia Jumatatu moja ya Juni alipofika pale juu ya jiwe na kukuta mikangaga ya kushoto imekatwa. Imekatwa vizuri, kwa mtu anayejua, na udongo umeparuliwa kwa reki. Mzunguko!

"Ala!" alisema peke yake msituni. "Nani huyu mwenye roho ya kuku?"

Alivuta magogo mawili akayalaza pale, akatawanya matawi, akarudi nyumbani damu inamchemka. Jumatatu iliyofuata magogo yameondolewa na kijia kimesogea hatua kumi mbele. Akavuruga tena. Wiki ya tatu kimerudishwa, na safari hii kina ukuta mdogo wa mawe upande wa bonde, mawe yamepangwa kwa subira. Akaubomoa kwa mateke. Mchezo ukawa huo wiki kumi. Yeye anaharibu Jumatatu, mwenzake anajenga siku ambazo Noelene yuko kwenye basi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu huyo aliijua ratiba yake.

Katika wiki ya nne alipata alama ya tairi kwenye tope. Aliinama akaitazama mpaka ruba akampanda shingoni bila yeye kujua. Njia ile hushukwa tu, haipandwi, lakini vijino vya tairi la mbele vilitazama juu mlimani. Tairi lilikuwa limefungwa kinyume. Kila tairi la mlimani lina mshale mdogo ubavuni unaoonyesha lizunguke upande gani, na huyu mtu aliufunga mshale nyuma mbele.

"Hajui hata kufunga tairi," Noelene alijiambia, karibu afurahi. "Nimekupata, mpenzi."

Tangu siku ile alikagua mishale. Wateja walidhani anasafisha matairi. Aliinama, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasoma ubavu, akaguna, akapandisha. Alikwenda mpaka dukani kwa mwokaji ambako watu huegesha baiskeli wakila pai, akapita moja moja kama askari wa doria. Mishale yote ilikuwa sawa. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Alianza kuamini kwamba mhalifu ana magurudumu mawili, ya kuonyesha watu na ya kutendea maovu.

Na mhalifu mwenyewe, kwa hesabu zake, alikuwa amekwisha kumjua. Alikuwa Kieran Vost, daktari wa meno kutoka Melbourne, aliyehamia Wexcombe mwaka jana na baiskeli ya betri. Alisalimia mno. Alicheka kabla kichekesho hakijaisha. Na aliwahi kuuliza, mbele ya mashahidi, pai mkononi: "Hivi pale kwenye lile jiwe hakuna njia ya pembeni?" Ushahidi gani tena unatakiwa?

Jumapili moja Noelene aliinyanyua baiskeli ya Kieran akaishusha tena chini.

"Nzito kama ndama," alisema. "Betri ya nini? Miguu ulikuja nayo ya nini?"

"Asubuhi njema nawe, Noelene," Kieran alicheka.

"Matairi yako yamefungwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Kwani yana nini?"

"Hayana kitu. Ndiyo maana nauliza." Alimkata jicho. "Alhamisi unakuwa wapi?"

"Alhamisi? Kwenye vinywa vya watu. Nang'oa meno mpaka saa kumi na moja."

"Meno, eh?" Noelene alisema taratibu. "Na Jino letu la nyuma ya mlima hulitamani?"

Kieran alitazama waliosimama karibu, akaomba msaada kwa macho. Hakuupata. "Lile mimi naliogopa, mama," alisema. "Nimelitazama mara moja nikarudi na njia niliyokujia."

"Mwoga anayekiri ndiye wa kuchungwa," Noelene aliwaambia wengine baada ya mtu yule kupanda basi, na hakuna aliyeelewa kwa nini.

Nyumbani alimwaga yote mezani. Rex alikata mkate wake, akampa kipande cha pembeni kwa kuwa anakipenda, akasikiliza.

"Na ukimkamata?" aliuliza.

"Nitamning'inizia sururu shingoni nimtembeze barabarani. Kikulacho ki nguoni mwako, Rex. Ni mtu wa klabu, nakwambia. Mtu ninayempandishia baiskeli."

"Labda ana sababu yake."

"Sababu gani? Woga si sababu."

Rex alipaka siagi mpaka kwenye kingo za mkate, kama afanyavyo siku zote. Noelene aliona mkwaruzo mrefu kwenye mkono wake.

"Nini hiyo?"

"Jogoo."

"Jogoo gani mwenye kucha hizo?" alisema, na kesho yake alimkagua jogoo. Hali ilikuwa imefikia hapo. Hata kuku aliwashuku.

Jumatano ya wiki ya ukaguzi alipanda mara ya mwisho. Mzunguko ulikuwa umekamilika. Ulianza juu ya Jino, ukapinda kushoto kwa upole, ukapita chini ya mkangaga mkubwa, ukatoka chini ya jiwe pasipo mshtuko wowote. Ulikuwa na vifereji vya maji, ulikuwa na ukuta. Ungekuwa mahali pengine Noelene angeusifu. Alitafuta gogo nene kuliko yote, akalilaza mara tu baada ya kona, mahali ambapo mshukaji hawezi kuliona mapema. Alipokuwa anateremka moyo ulimsuta kidogo, akaunyamazisha.

Ijumaa, siku moja kabla ya Wendy kuja, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka kumi na moja. Aliwapigia simu wenye basi akasema anaumwa. Rex alimwona akitoka na koti lake la kazi kama kawaida. Saa moja asubuhi alikuwa amekwisha jibanza nyuma ya mkangaga, chupa ya chai mapajani, simu tayari kumpiga picha daktari wa meno.

Baridi ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ruba mmoja alianza kumpanda soksi, akamtazama tu. Saa tatu kasoro akasikia breki zikilia juu, breki za zamani. Alitega sikio asikie mvumo wa mota, hakuusikia. Alichosikia ni mtu anahema, na chuma kikigongana na chuma, kama mtu aliyefunga vifaa mgongoni. Baiskeli ikatokea juu ya jiwe. Ikasimama. Mwendeshaji akateremka pole pole, mguu wa kulia kwanza kwa namna ya mtu anayeulinda, akaegemeza baiskeli, akachomoa sururu mgongoni, akatembea mpaka kwenye kona akichechemea. Alipoliona gogo alilitazama kwa muda, akavua kofia, akajikuna upara. Noelene aliujua upara ule kuliko kiganja chake.

Simu ilimponyoka ikaanguka kwenye majani.

"Nol?" Rex aligeuka. "Leo huendeshi basi?"

"Nimejitia mgonjwa."

"Wewe? Mgonjwa?" Alionekana kutishika kweli. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mzee! Ni... Ni wewe?"

"Ni mimi." Aliitazama sururu mkononi mwake kana kwamba ni ya jirani. "Tangu Mei. Kutembea kunaniumiza, kukanyaga pedali hakuniumizi. Daktari alishangaa, na mimi nikashangaa kumshinda." Halafu akalionyesha gogo. "Lakini kuna shetani huku, Nol. Kila nikijenga anabomoa. Wiki iliyopita alinitegea tawi, nikaanguka nikachanika mkono. Na leo hili, angalia lilipowekwa. Ningelikuta nikiwa juu ya siti..."

"Ni mimi."

Rex alirudi kulitazama gogo. 

"Magogo yote?"

"Yote. Na ukuta wako niliupiga mateke." Alitoka nyuma ya mkangaga. "Rex, kwa nini hukuniambia? Ungesema neno moja tu! Miezi mitatu tunakula meza moja!"

"Nilisema." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Noelene kuliko kofi. "Nilisema hospitalini, siku ya tatu. Nilikuuliza, tukichimba kijia kidogo kando ya Jino, si nitaweza kurudi? Ukacheka. Ukasema anayezunguka Jino akae nyumbani afuge kuku."

"Nilikuwa natania."

"Basi nikafuga kuku."

Noelene alikaa chini kwenye tope.  Macho yake, kwa mazoea ya miaka, yakaenda kwenye baiskeli ya Rex iliyoegemea mti, kwenye tairi la mbele. Mshale ulitazama nyuma.

"Tairi lako limefungwa kinyume," alisema kwa sauti ndogo.

"Nililikuta hivyo. Nilidhani ndiyo mtindo wa siku hizi, nikaogopa kukuuliza."

Nyani haoni kundule. Kila tairi la bonde hili lilikuwa limepita chini ya jicho lake, isipokuwa yale mawili ya bandani kwake. Na aliyeyafunga ni yeye. Majira yale ya baridi ya kwanza, Rex amelala kwa dawa za maumivu, alilifunua shuka, akaona mpira umeanza kupasuka, akafunga matairi mapya ili siku mwenyewe akitaka kurudi aikute baiskeli tayari. Alikuwa analia, na mshale hakuuona. Alirudisha shuka na hakumwambia mtu.

Alimwambia sasa, pale kwenye tope, maneno yakitoka mafupi mafupi. Rex alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja akakaa kando yake, taratibu, kwa sababu ya nyonga, akamtoa ruba kwenye soksi.

"Nitaufukia leo hii," alisema. "Kabla ya jioni hapatakuwa na mzunguko. Wendy akija kesho ataona Jino tu. Najua nyeusi ni nini kwako."

Noelene aliinuka. Alimnyang'anya sururu, akaenda mpaka kwenye kona, akalisukuma gogo kwa mguu likabingirika bondeni. Akaitazama kona, akaguna kama anavyoguna akiona fremu za kaboni.

"Hapa umeinamisha ndani mno," alisema. "Mvua ya kwanza maji yatatuama. Lete reki."

Kesho yake Wendy Tulloch alifika saa nne na ubao wake wa kuandikia, mvua nyembamba ikinyesha. Alisimama juu ya Jino, akalitazama jiwe, akatazama kushoto, akashusha miwani.

"Noelene," alisema kwa uangalifu, maana alimjua. "Huu mzunguko umechimbwa na nani?"

"Na sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na mume wangu. Kwani njia hii ilichimbwa na nani tangu mwanzo?"

Wendy alichukua kalamu sikioni lakini hakuandika. "Unalijua sharti. Nikiuandika, nyeusi imekwenda. Mashine itakuja. Jino..." Alionyesha jiwe kwa kalamu. "Naweza kurudi wiki ijayo. Nikute hakuna. Mimi leo sijaona kitu."

Noelene alilitazama Jino. Alilitazama kwa muda mrefu, jiwe zima, kuanzia ukingo mpaka pale chini ambapo ukoka umelika kwa magurudumu yake ya miaka kumi na tisa.  Nyuma yao Rex alikuwa amekwisha kaa kwenye siti, mguu mmoja chini, anasubiri, mkono umeganda kwenye breki kwa hofu. Alikuwa amegeuza tairi asubuhi, na Noelene alikuwa amelikagua mara mbili.

"Twende, mzee," Noelene alimwambia. "Tangulia wewe."

Rex aliachia breki. Alipinda kushoto, akapita chini ya mkangaga, akapotea kwenye kona. Kisha, kutoka chini ya jiwe, ikasikika sauti ya mzee wa miaka sitini na minne akicheka peke yake.

"Andika buluu, Wendy," alisema Noelene, akapanda baiskeli yake, na kwa mara ya kwanza tangu waichimbe njia ile, akalizunguka Jino.